Tangi la Rafaralahy

Kwa miaka kumi na mmoja, chupa ya maji ya lita moja na nusu ndiyo iliyokuwa tangi la teksi ya Rafaralahy. Ilikaa sakafuni upande wa abiria, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa kiti, na kwenye kizibo chake ulitoka mpira mwembamba uliopenya tundu la sakafu mpaka kwenye injini. Abiria akipanda aliambiwa, "Angalia mguu wako, bosi, usinipigie teke riziki," na safari ikaanza. Tangi lenyewe, lile la bati lililotoka kiwandani na gari, lilikuwa kavu huko nyuma chini ya buti, na Rafaralahy alilitaja kama mtu anavyomtaja shemeji mlevi.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya posa ya mwanawe, saa mbili na nusu asubuhi, na mkewe Lalao alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari, mikono kiunoni.

"Chupa hii haipandi mlima wa Faravohitra leo."

"Haipandi vipi? Imepanda mara ngapi?"

"Imepanda na abiria wako. Leo inapanda na mimi. Baba Njaka, niingie kwa watu nanuka kama taa ya chemli?"

"Watu wenyewe binti yao anauza petroli."

"Hauzi petroli," Lalao alisema, akibana pua na kuinua kidevu kama bibi yake yule binti. "Yuko kwenye kampuni ya mafuta."

Njaka, bwana harusi, aliyekuwa akipiga viatu rangi kizingitini, alicheka kisha akajutia. Mialy wake alifanya kazi pampu namba tatu, kituo cha njia panda ya Anosibe hapa kwetu, sare ya kijani na kofia ya kijani. Lakini ukoo wa Mialy ulikuwa na nyumba ya ghorofa huko juu mlimani, yenye roshani ya mbao na jina la babu kwenye lango, na watu wenye roshani hawauzi petroli hata wakiwa wanaiuza. Sisi wa huku bondeni tuliwaheshimu kwa hilo. Plasta ya nyumba ilikuwa imeanguka nusu, na nusu iliyobaki ilitosha kutudharau.

Na kama kuna mtu wa kushukuriwa kwa uchumba huo, Rafaralahy alijua ni nani. Kila chupa ilipokauka alimtuma Njaka kituoni. Mara tatu kwa siku, lita moja na nusu, pampu namba tatu. "Mimi ningekuwa mtu wa kujaza tangi," alipenda kusema, "wewe leo ungekuwa unaoa nani? Eh? Ungemwona mara moja kwa wiki, akusahau."

Alikuwa na elimu yake juu ya jambo hilo, na aliigawa bure kwa abiria. Mafuta mengi hufanya gari liwe zito. Gari zito hula mafuta. Kwa hiyo anayejaza tangi ananunua mafuta ya kubebea mafuta. Teremko ni la kuzima injini, Mungu ameshalilipia. Wenye magari mapya waliopanga foleni kituoni kujaza mpaka shingoni aliwaita wajinga wenye leseni. Abiria walikubali kila neno, maana abiria aliyekwisha kukaa hataki kutembea.

"Alhamisi nilikupa elfu arobaini," Lalao alisema. "Za lita nane. Umeweka?"

"Mambo ya gari niachie."

"Nakuuliza umeweka?"

Rafaralahy aliingia ndani, akatoka amevaa kofia. Ilikuwa kofia ya sufu, rangi ya kahawia, ukingo mpana, utepe mweusi, na ilimkaa vizuri kuliko akili. Lalao aliitazama kofia ile taratibu kuanzia ukingoni mpaka juu. Alikuwa amechoma vitumbua vya unga wa mchele kwenye jiko la mkaa kuanzia alfajiri, wiki tatu, kupata zile elfu arobaini.

"Hiyo ndiyo petroli yangu?"

"Ni heshima ya familia, mama Njaka. Nitasimamaje mbele ya watu wale kichwa kitupu?"

"Heshima ina lita ngapi?"

Kwa sababu ugomvi ulikuwa umemwelemea, Rafaralahy aliamua kuonyesha ukubwa wa moyo. Alifungua chupa, akazunguka nyuma, akaimimina yote kwenye tangi la bati. Ilishuka kwa mlio wa mtu anayekojolea debe. Akaunganisha mpira wa zamani, akaificha chupa tupu chini ya kiti, akajifuta mikono.

"Haya. Tuko kama Wazungu."

"Baba," Njaka alisema, "humo ndani mna nini? Halijaguswa tangu niko darasa la pili."

"Mna tangi. Panda."

* * *

Ndugu wengine walikuwa wamekwenda kwa basi, jambo ambalo Rafaralahy aliliona la aibu. Wao watatu, kapu la zawadi likiwa kwenye buti, walimpitia Mzee Ratsimba, msemaji wa kukodiwa, kwa maana kwetu hakuna anayeomba binti kwa mdomo wake mwenyewe. Utapeleka kitako cha kondoo, ambacho siku hizi ni bahasha ya fedha, na atasimama mtu wa kuisindikiza bahasha kwa maneno ya saa nzima, ajibiwe na msemaji wa upande wa pili kwa saa nyingine. Mzee Ratsimba alikuwa na miaka sabini na minane, goti bovu, na shuka jeupe la hariri mabegani. Bei yake ilikuwa laki na hamsini na haikushuka. Alikaa kiti cha mbele kana kwamba amezaliwa nacho.

"Ni saa ngapi, wanangu?"

"Saa nne na nusu, mzee. Tunafika."

Ilibidi wafike. Mnajimu alikuwa ameichagua siku, na mambo ya heri hufanywa jua likiwa linapanda. Bibi Razafinoro, nyanya yake Mialy, alikuwa ametuma neno fupi: saa sita ikipita hamjasimama mbele yangu, msinipigie hodi. Hakuwa mtu wa mzaha. Mwaka juzi karani mmoja wa forodha aliyekuja kuposa alichelewa dakika kumi. Alirudishwa na keki yake ya tabaka nne, na hakuna aliyeilamba.

Bondeni gari lilikwenda. Lilikohoa mara moja karibu na soko, mara ya pili kwenye handaki, na kila likikohoa Rafaralahy alipandisha sauti ya mazungumzo. Kisha mlima ulianza. Wanaoijua njia ile ya mawe kwenda Faravohitra wanajua kwamba ukiipanda unaona mbingu tu. Gari liliinua pua, likavuta pumzi mbili, likanyamaza.

"Limekunywa hewa," Rafaralahy alisema.

Aliliacha lirudi nyuma taratibu mpaka kwenye tambarare ya njia panda chini ya mlima. Likawaka. Akapanda tena. Likazima pale pale, mbele ya duka la fundi viatu, ambaye safari hii alitoka na kigoda chake akakaa kutazama. Rafaralahy alifungua boneti, akachomoa mpira, akaufyonza, akatema. Mate yalikuwa na rangi ya chai.

"Hiyo ni kutu, baba."

"Ni rangi tu."

"Rangi ya nini?"

"Ya petroli ya siku hizi."

Lalao alikwisha kushuka, viatu mkononi. "Saa tano na dakika ishirini. Tutembee. Mita mia nne tu."

"Mwanangu hafiki kwenye posa yake kwa miguu kama mtu anayeuza karoti," Rafaralahy alisema. "Na huyu mzee utambeba wewe?"

Wote walimtazama Mzee Ratsimba, ambaye hakuwa ameonyesha dalili ya kuinuka.

"Labda utusaidie kusukuma kidogo, baba," Njaka alisema kwa adabu.

Mzee alijikohoza. Alikuwa na sauti nzuri mno. "Mimi, mwanangu, si mtu wa kudharau kusukuma. Nawaheshimu wasukumaji, waliotangulia na walio hai. Lakini mtu aliyebeba maneno ya ukoo kifuani akianza kuhema, maneno yanamwagika njiani, na mkifika mtakuwa na mzee aliyechoka na hotuba iliyopotea. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wote, nabaki kwenye kiti."

Fundi viatu alipiga makofi.

Hapo Rafaralahy alipata wazo. Aliegemea gari, akapiga kidole kwenye kofia. Mafuta ni machache. Gari likiinua pua, mafuta yanakimbilia nyuma ya tangi. Mdomo wa kuyanyonya uko mbele. Basi gari ligeuzwe, nyuma ielekee juu, mafuta yaje mbele yenyewe.

"Unasema tupande kinyumenyume," Njaka alisema.

"Nasema tupande."

* * *

Tusimnyime haki yake: lilikubali. Lilirudi hadi njia panda, likageuzwa, na gia ya nyuma ikaingia kwa kelele ya sufuria zinazoanguka. Na teksi ya rangi ya maziwa, mapambo ya utepe mweupe yakiwa mbele yakitazama bondeni, ilianza kuupanda mlima wa Faravohitra kitako kikitangulia. Rafaralahy alitoa kichwa nje ya dirisha, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kofia. Moshi uliwafuata ukawapita.

"Mzee!" aliita muuza karanga. "Mmesahau kitu nyumbani?"

"Mpisheni, anaaga!" mwingine akadakia.

Mama mmoja mwenye beseni la nguo alishika kifua kwa kicheko. "Si wamesema wanaleta kitako cha kondoo? Mwacheni aonyeshe!"

Lalao alijifunika uso kwa mtandio. Mzee Ratsimba peke yake ndiye aliyekaa wima, akiitazama barabara ikienda mbali naye, na kuwapungia mkono watu kama anayeondoka kwa ushindi.

Kwenye roshani ya mbao walikuwa wamejaa. Ndugu wa basi walikuwa wamefika tangu saa nne, wakapewa soda, na sasa walitazama chini pamoja na wenyeji, wakijitahidi kutolifahamu gari lile. Katikati yao Bibi Razafinoro aliketi kwenye kiti cha mkono, mdogo, mkavu, saa ya marehemu mumewe ikiwa imeshikwa mbele ya macho.

Zilipobaki mita thelathini, tangi liliisha kweli. Halikukohoa tena. Lalao aliruka akaweka jiwe mbele ya gurudumu. Saa sita kasoro dakika tisa. Njaka akavua koti, akaweka bega kwenye boneti, akasukuma. Gari lilikwenda kiasi cha kiganja, kisha likamrudia. Akasukuma tena, viatu vikateleza kwenye mawe, akapiga goti, na juu roshanini mtu akacheka kwa sauti ya kike, nyembamba, ya mtu aliyelala vizuri. Njaka aliinua macho mara moja tu.

Kwetu bibi harusi hufichwa chumbani. Huombwa mara tatu, hutolewa mwisho, tena kwa maringo. Mialy alitoka mlango wa jikoni, amevaa vazi jeupe, nywele zimesukwa na kubanwa, akashuka mtaani mbio. Alifika, akakunja vazi hadi magotini, akalipachika kiunoni.

"Mialy!" sauti ziliita kutoka juu. "Rudi! Mialy!"

"Shikamoo, mama," alimwambia Lalao. "Mguu wako weka kwenye ufa wa jiwe, hapo utateleza. Njaka, usisukume kwa mikono, tumia mgongo. Kila siku nawasukuma watu kama nyie kuwatoa kwenye pampu." Kisha akainama dirishani. "Baba, toa breki ya mkono."

Rafaralahy alitazama chini. "Nani kakwambia imeshikwa?"

"Naisikia harufu yake."

Gari liliingia langoni saa sita kasoro dakika nne.

* * *

Chumba cha wageni kilikuwa na viti vya kuazima na picha ya babu mwenye masharubu. Mjomba Solofo, msemaji wa upande wa binti, alisimama akaanza kwa utulivu wa mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

"Tulikuwa tunawangoja wageni. Tulitazama barabarani tuone nyuso zao. Tukaona taa za nyuma. Tukajiuliza: hawa wanakuja, au wametukimbia wakakosea njia? Kwetu sisi, anayeingia kwa kitako anaaga. Mnaaga nini, na hamjaomba bado?"

Minong'ono ya kuridhika. Mzee Ratsimba aliinuka, akapanga shuka lake begani, na kwa mara ya kwanza siku ile alianza kuifanyia kazi ile laki na hamsini.

"Mmeona sawa, wakubwa zetu. Sisi ni watu wa bondeni. Tumeulizana njia nzima: ni nani kati yetu mwenye uso wa kuitazama nyumba hii moja kwa moja? Hakupatikana. Ndipo tukasema, twende tumeinamisha macho. Na gari nalo, kwa adabu yake ndogo, likaona aibu pamoja nasi."

Hata Mjomba Solofo alitikisa kichwa kwa kufurahi. Ilikuwa imetengenezwa vizuri, na ungedhani mambo yamekwisha. Lakini Bibi Razafinoro aligonga sakafu kwa fimbo.

"Maneno mazuri. Na lile gari lina mafuta?"

Mzee Ratsimba alianza kulipanga shuka lake upya.

"Nimeuliza. Lina mafuta?"

"Yapo yanayotosha, bibi," Rafaralahy alisema.

"Yanayotosha ndiyo yaliyokuleta hapa unasukumwa na bibi harusi? Mimi sitaki faini ya kuja kitako mbele. Mjukuu wangu yuko kwenye kampuni ya mafuta. Hatashuka mlima huu kwenye gari la matone. Mtalijaza, mpaka mdomoni, mbele ya macho yangu. Ama chukueni bahasha yenu."

Njaka alimtazama baba yake. Chumba kizima kilimtazama baba yake. Rafaralahy alivua kofia, akaivaa tena.

"Bibi, kwa heshima zote, gari halijazwi. Kitaalamu. Likijazwa linakuwa zito, na gari likiwa zito..."

"Nyamaza," Lalao alisema.

Hakuwahi kumwambia hivyo mbele ya watu. Alitia mkono kifuani, akatoa bahasha, akaiweka juu ya meza. Juu yake, kwa mwandiko wa Njaka, palikuwa pameandikwa: Mzee Ratsimba. Mzee alilisoma jina lake likipelekwa kununua petroli, akafungua mdomo, na yule aliyeishi kwa maneno miaka hamsini hakupata hata moja.

Lalao alimwendea mumewe, akaiondoa kofia kichwani pake kama mtu anavyoepua sufuria, akamvika mzee. Ilishuka mpaka kwenye nyusi.

"Ikae kwako, baba. Ni elfu arobaini. Zilizobaki utazila kwa vitumbua."

* * *

Waliteremka injini imezimwa, maana hakukuwa na namna nyingine. Bibi Razafinoro alikaa mbele.

"Mbona halina sauti?"

"Gari tulivu hili, bibi," Rafaralahy alisema, na teremko lilikuwa limeshaanza kumrudishia furaha.

Teremko lilipokwisha walisukuma mpaka kituoni, na hapo Mialy hakumruhusu mtu mwingine kugusa pampu namba tatu. Alisimama na vazi lake jeupe, mkono kiunoni, namba zikipanda. Rafaralahy alizitazama kama anayetazama ndugu akipasuliwa. Lita tano. Lita tisa. Lita kumi na tano. Alijaribu kusema "basi" mara mbili. Lita ishirini na sita pampu ilijikata.

"Limejaa," Mialy alisema.

Bibi aliitikia kwa kichwa. Mambo yalikuwa yamekwisha, na kwa dakika moja walisimama kama watu wa picha ya ukutani. Kisha mfanyakazi wa pampu ya pili akasema, "Nyie, hiyo ni nini?" Chini ya buti palikuwa na doa. Doa likawa mstari, mstari ukashika njia ya kwenda kwenye mtaro. "Zimeni sigara! Wewe wa pikipiki, zima!"

Mialy alikuwa tayari amelala ubavu sakafuni, nusu ya mwili chini ya gari. Tangi lililokaa miaka kumi na mmoja bila mafuta lilikuwa limekaa miaka kumi na mmoja na unyevu wa Anosibe, na kutu ilikuwa imekula pole pole kutoka ndani. Chini kabisa, palipohitajika kushika lita moja na nusu, palishika. Juu ya hapo palikuwa chujio.

"Sabuni!" aliita. "Kapu la zawadi kwenye buti lina sabuni, leteni!"

Aliukata mche kwa kucha, akaukandamiza kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa kwenye mshono. Hilo lilikataa.

Na Rafaralahy, kichwa wazi, mikono juu, alikuwa anazunguka gari akiwaita mashahidi. Uso wake uling'aa. Hatukuwa tumemwona na furaha vile siku nzima.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Miaka kumi na mmoja, gari zima kabisa! Siku ya kwanza kujazwa, limeharibika! Si niliwaambia? Nani alinisikiliza?"

Lalao alikuwa amekaa kwenye ukingo wa njia akisugua nyayo zake. Bibi Razafinoro alimtazama Rafaralahy toka viatu hadi utosi, kisha akamwinamia mjukuu wake, ambaye alikuwa anajitoa chini ya gari, vazi limekuwa la rangi mbili.

"Na huyu mumeo," aliuliza, "kamfuata nani? Baba au mama?"

Mialy aligeuka kumtafuta Njaka. Njaka alikuwa chali upande wa pili, na shati lake la harusi, mkono umeingia chini ya mshono. Alikuwa ameichomoa ile chupa chini ya kiti na anakinga matone, kwa uangalifu, asipoteze hata moja.

"Bado naangalia, bibi," Mialy alisema, akaokota kizibo cha chupa, akampa.